Filimbi Zisipigwe Juu ya Bwana Kifungu

Waombolezaji wenzetu, majirani, wanafunzi wa marehemu, na ninyi mabwana wa magwanda meupe mliojikalia viti vya mbele, familia imenipa mimi, mdogo wake wa kike, kazi ya kuwasomea maisha ya kaka yetu, na imeniomba nisome kwa upole, nami nimeahidi kujaribu.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1959, mtoto wa kwanza wa baba seremala na mama mshonaji, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya bandari, na vipande vya mbao vilivyoanguka chini ya meza ya baba ndivyo alivyochongea meli zake za kwanza, akazipanga sakafuni, akatugawia sisi wadogo zake zile mbovumbovu, kisha akatupiga vita mpaka tukalia.

Alisoma shule ya msingi tangu 1966 hadi 1972, sekondari hadi 1978, akapata shahada ya historia mwaka 1982 na ya pili mwaka 1985, akiwa amechagua kusomea mikataba ya majeshi ya majini, ya kale na ya sasa, jambo lililomfanya baba amwulize mbele yetu sote, "Sasa mwanangu, mikataba ya meli inaliwa?" naye akajibu, "Hailiwi, baba, ila yenyewe inakula watu."

Tarehe 3 Februari 1986 aliajiriwa na chuo cha maofisa wa majini, akafundisha humo miaka thelathini na moja, na waliopita mikononi mwake wanakijua chumba chake, sakafu imechorwa bahari kwa chaki, meli za mbao zimepangwa, kila mwanafunzi na taifa lake, na sheria yake ilikuwa moja tu, kwamba aliyesaini mkataba ndiye anayevunja meli zake, kwa mikono yake mwenyewe, mbele ya wenzake, na maofisa wazima wamelia humo kama watoto walionyang'anywa sahani. Alifundisha jinsi Karthago ilivyoachiwa na Roma merikebu kumi, nyingine zote zikachomwa moto wenyewe wakitazama, alifundisha jinsi mataifa makubwa yalivyokaa mezani mwaka 1922 yakapimiana manowari kwa tani, na kabla ya miaka ishirini kwisha yakawa yanazamishana, lakini somo alilolipenda kuliko yote ni la Athene, iliyoshindwa ikabakiziwa meli kumi na mbili, kuta zake zikabomolewa kwa sauti ya filimbi, na waliokuwepo wakashangilia wakidhani ndio mwanzo wa uhuru. "Ukisikia filimbi," alikuwa akiwaambia, "uliza kwanza kinachobomolewa ni cha nani." Kila mkataba aliuchambua kifungu kwa kifungu, ndiyo maana mkamwita Bwana Kifungu, kwa utani, naye jina alilipenda.

Tarehe 16 Desemba 1989 alifunga ndoa na wifi yangu huyu, muuguzi, mwanamke aliyevumilia vumbi la mbao kitandani bila kununa, wakajaliwa watoto wawili, binti yao aliyekaa hapa kulia, aliyezaliwa 1991, na mdogo wake wa kiume, aliyezaliwa 1993, akawa fundi mitambo wa kivuko, na huyo hayupo hapa, na sababu ya kutokuwepo kwake naifikia sasa hivi.

Mwaka 2016 nchi yetu iliandaa mkataba na majirani zake wa kupunguza meli za kijeshi, zikihesabiwa kwa tani, na marehemu akaitwa mbele ya kamati siku moja, asubuhi moja, akawaambia jambo moja, kwamba meli yetu pekee ya uokoaji, ile kubwa mabaharia waliyoiita Mkunga kwa sababu ilitoa watu majini wakiwa hai, iko kwenye orodha ya jeshi na imepakwa rangi ya kijivu, kwa hiyo itahesabiwa kama manowari, basi waihamishie kwenye orodha ya bandari kabla ya kusaini. Walicheka, jamani! Mwenyekiti alimwambia, "Mwalimu, hapa si Karthago," wakampa chai, wakamshukuru, wakasaini. Mkunga ikahesabiwa, tani zikazidi, na kwa kuwa ilikuwa kuukuu kuliko nyingine zote, ikakatwakatwa ikauzwa vyuma chakavu.

Chuo kikamwagiza aufundishe mkataba ule kama ushindi, naye akaufundisha sakafuni, kama alivyofundisha mingine yote, akamwita mwanafunzi mmoja aivunje Mkunga ya mbao, na kwa kosa hilo alistaafishwa kwa lazima tarehe 30 Juni 2017.

Tarehe 22 Septemba 2019 kivuko kiliharibika injini katika dhoruba, meli ya uokoaji ya jirani ikasimama mpakani ikingoja kibali, kama kifungu cha tisa cha mkataba ule kinavyotaka, na kibali kilipotoka hakukuwa tena na wa kuokolewa. Mwanawe alikuwa chini, kwenye mitambo. Tangu siku hiyo kaka yangu hakuchonga tena, moyo ukaanza kumsumbua, akalazwa mara tatu, na alfajiri ya Jumanne tarehe 6 Juni 2023 akatutoka, mkono wake ukiwa mkononi mwa mkewe.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi, ambao hawakuchoka, majirani waliopika na kulala nasi, na wale walimu wenzake wanne, wanajijua, waliokuja kumwona wakati kumtembelea kulikuwa kunaharibu kazi ya mtu.

Na ninyi wa viti vya mbele, juzi mlikuja nyumbani na bendera, wapiga filimbi watatu, na sentensi moja mliyotaka niisome hapa, kwamba marehemu alikuwa mshauri wa mkataba, wifi yangu akaisikiliza mpaka mwisho, akauliza kama mmekwisha, kisha akasema, "Mwanangu mlinichukulia, jina la mume wangu hamlipati." Haya, ndiyo maana sijaisoma, na sitaisoma, hata mkinitazama hivyo. Hasira yetu hatuifichi, aibu ni yenu, sisi tumelia tu.

Bendera ikunjwe irudi ilikotoka, maana juu ya jeneza binti yake ameweka Mkunga ile ya mbao, ambayo baba yake aliiokota vipande viwili akaigundisha kwa gundi ya seremala, na inatosha. Na wewe kijana uliyeshika filimbi, nakuona unajiandaa, huna kosa mwanangu, itie mfukoni, uketi.

Pumzika kaka, kwa amani ambayo hakuna aliyeiandikia masharti.