Shangazi na Kelele za Saa Moja Jioni

Tarehe thelathini ya mwezi huu, baada ya miaka thelathini na mmoja ya kupanda ngazi, kuvuta waya na kugombana na ruta za watu, Shangazi wetu anastaafu. Aliajiriwa kama fundi wa simu za mezani, zile za kuzungusha namba kwa kidole, na anaondoka akiwa Fundi Mkuu wa Intaneti za Majumbani. Jina lake kamili limo kwenye barua ya kustaafu, ila sidhani kama kuna anayelikumbuka. Hata mkuu wa kitengo, ambaye kwa umri anamzidi, humwita Shangazi.

Jina hilo alilipata wiki yake ya kwanza. Alifungua stoo, akakuta waya zimesokotana kama nywele zisizoona kitana, akawaweka mafundi wote chini wazifumue kabla ya chai. Wanaume wazima, wengine wenye ndevu, walikaa sakafuni wakafumua. Tangu siku hiyo akawa shangazi wa kila mtu: wa kukukemea mbele za watu na kukutetea ukiwa haupo.

Nimepewa mimi kazi ya kuandika haya kwa sababu nakaa dawati la malalamiko, na hakuna dawati lililomchosha kama letu. Sisi ndio tunaopokea simu, tunamwambia mteja azime kisha awashe, na tukishindwa tunamtupia Shangazi zigo.

Tusimpambe kupita kiasi, maana mwenyewe atacheka. Gari la kazi hajui kulirudisha nyuma, na nguzo ya lango la uani ni shahidi. Waya alikuwa akizisemesha. Utamsikia juu ya ngazi, "Wewe nawe, nani kakuweka hapa?" Ripoti zake zilikuwa fupi hata mkuu wa kitengo akadhani anadharauliwa. Ukurasa mzima wa maswali aliujaza kwa neno moja: Imepona.

Lakini palipokuwa na kelele za umeme, hakuwa na mpinzani. Kwa wageni wetu wa leo nieleze kidogo. Intaneti inayoingia nyumbani kwa waya wa simu ni mazungumzo kati ya ruta yako na mtambo wetu. Kifaa kibovu cha umeme kikiwaka karibu, waya unanasa kelele zake, na mazungumzo yanakuwa kama ya watu wawili waliosimama kando ya mashine ya kusaga nafaka. Inabidi waseme polepole, warudierudie, na wakichoka wananyamaza. Mteja anaona kasi imeshuka, kisha imekatika kabisa, naye anatupigia sisi na maneno ambayo hayafai kuandikwa hapa.

Mara nyingi kikulacho ki nguoni mwako. Shangazi aliwahi kumkuta mhalifu akiwa chaja ya simu ya bei ya kutupwa, taa za mapambo ukutani, pampu ya maji, na safari moja tangi la samaki la mteja aliyekuwa ameapa kwamba tumemwonea wivu. Aliwasaka kwa redio ndogo ya betri. Aliiweka kwenye masafa ya kati, mahali pasipo na kituo chochote, akatembea nayo sikioni. Akikaribia kifaa kibovu, redio inakwaruza. Watu mtaani walidhani anafuatilia mpira, wakawa wanamuuliza matokeo, naye aliwajibu bila kusita.

Kosa letu sisi kama ofisi lilikuwa la saa. Wateja walilalamika jioni, mafundi walikwenda kupima asubuhi, wakaukuta waya mzima wa afya, wakafunga lalamiko. Jioni simu zinaanza upya. Tulikuwa tukitwanga maji kwenye kinu kwa bidii kubwa. Shangazi ndiye aliyekataa. Alisema mgonjwa wa homa za jioni hapimwi asubuhi, akaanza kwenda kwa wateja saa ileile wanayoteseka.

Ndivyo alivyofika kwa mwalimu.

Huyu ni mwalimu wa hesabu anayefundisha watoto kwa video kila jioni kutoka chumbani kwake, na kwa kazi hiyo anamtunza mama yake na kumsomesha mdogo wake. Ikifika saa moja, intaneti ilikatika. Tulimbadilishia ruta, tukabadilisha tena. Waliomwajiri walimpa onyo la mwisho: somo likikatika tena mwezi ule, darasa anapewa mwingine. Alinipigia akaanza kunieleza kwa adabu, katikati akalia. Nilizoea kutukanwa, kuliliwa sikuzoea. Nikamfuata Shangazi, naye akaniambia nipande gari, nione ninachokiandikaga kila siku.

Mtaa mzima ulikuwa umeshamhukumu fundi wa kuchomelea mageti, kwa vile cheche zake zinaonekana. Mama wa mwalimu hakuitikia tena salamu yake. Lakini tulipofika, fundi alikuwa ameshafunga karakana na kuoga, na redio ya Shangazi ikaanza kukwaruza vilevile. Akaifuata taratibu, ukuta kwa ukuta, hadi kwenye mlango unaopakana na wa mwalimu.

Alitufungulia mzee mmoja, dereva mstaafu. Nyuma yake, mezani kando ya dirisha, cherehani ya umeme ilikuwa ikiunguruma yenyewe. Haikuwa na kitambaa wala uzi. Mzee alipoizima, redio nayo ikanyamaza.

Ilikuwa ya marehemu mkewe, fundi wa nguo, ambaye maisha yake yote alishona saa ile mpaka wakati wa kula. "Sishoni kitu, mwanangu," mzee alisema. "Naiwasha tu niisikie."

Shangazi alimweleza ukweli kuhusu masomo ya jirani. Mzee hakubisha. Aliichomoa cherehani, akaanza kuuviringisha waya wake, akasema kesho atatafuta mtu wa kumpa. Mimi nilidhani tumemaliza kazi. Mhalifu amepatikana, amekiri, turudi nyumbani. Shangazi aliushika ule waya mkononi mwa mzee na kuniagiza sanduku la vifaa.

Akaifungua mota. Vipande vya makaa vya ndani, vile vinavyopitisha umeme, vilikuwa vimelika, vinarusha cheche. Akaweka vipya, akaongeza kichujio kidogo cha kuzuia kelele za umeme, kisha akatoka nje na tochi. Huko alikuta waya wa simu wa mwalimu umefungwa pamoja na waya wa umeme wa mzee, ukuta mzima, kwa vibanio vya kampuni yetu. Sisi wenyewe tuliufunga hapo zamani. Akaukemea, akaukata, akapitisha mpya mbali.

Kisha, lilipoanza somo la jioni ile, ambalo mwalimu alikuwa amelisogeza hadi saa mbili, akamwomba mzee aiwashe. Mimi nilikuwa kwa mwalimu, pembeni ya meza. Cherehani ilisikika ukutani. Kwenye skrini mtoto mmoja alikuwa akihangaika na sehemu, robo na theluthi, na aliendelea kuhangaika mpaka somo likaisha. Halikukatika. Mwalimu alifunga kompyuta akanikumbatia, mimi niliyemwambia azime awashe mara zisizohesabika.

Taratibu zetu zinataka mwenye kifaa kibovu atajwe. Shangazi aliandika: Waya wetu ulipita pabaya. Umehamishwa. Imepona. Mtaani alisema hivyohivyo, kosa ni la kampuni, na mama wa mwalimu akapeleka chai kwa fundi wa mageti bila maelezo mengi. Mkuu wa kitengo alimwita ofisini. Waliyoyazungumza hatuyajui, ila aliyetoka na uso wa kukemewa hakuwa Shangazi.

Mwaka uliofuata, jioni moja mwalimu akiwa katikati ya somo, alihisi kuna kitu kimepungua. Cherehani haikuwa imelia. Aliwaomba wanafunzi wamsubiri, akaenda kugonga, hakuitikiwa, akaita fundi wa mageti avunje kitasa. Walimkuta mzee sakafuni jikoni, hawezi kuinuka wala kuita. Daktari alisema kama wangemkuta asubuhi, wangekuwa wamechelewa.

Mzee mwenyewe ndiye aliyeniomba niiweke humu habari hii ya cherehani, kwa kuwa alijua Shangazi hatayasema. Leo yupo ukumbini, safu ya pili, kati ya mwalimu na mama yake.

Shangazi, jioni ile ungemwacha tu mzee aviringishe waya wake, nyumba yake ingenyamaza, na hakuna ambaye angekulaumu. Hukumwacha, na ndiyo maana leo yupo hapa kukupigia makofi. Kwa niaba ya dawati la malalamiko, mafundi uliowalea na wateja wasiolijua jina lako, asante sana. Nenda ukapumzike, Shangazi wetu. Mungu akupe afya na umri mrefu, na nyumba yako isikose sauti za watu.