Mlamba Mawe na Bawa Alilolizuia

Tarehe 30 Juni, baada ya miaka thelathini na mmoja ya utumishi, mtafiti wetu mkuu wa mabawa ya ndege atakabidhi funguo za maabara na kwenda nyumbani. Kamati ya sherehe ilitaka wasifu wake uandikwe na mtu wa kalamu. Nikaomba niandike mimi, rubani wa majaribio wa kituo hiki, ambaye kazi yangu ni kuwa wa kwanza kupanda kile ambacho wenzangu wamekiunda. Nina sababu zangu, na zitaonekana.

Hapa kituoni anajulikana kama Mlamba Mawe. Jina hilo alilipata mwaka wake wa kwanza, safarini kwenda kukagua uwanja mdogo wa ndege. Dereva alisimama kubadilisha gurudumu mahali barabara ilipokata kilima, naye akashuka, akaokota jiwe na kulilamba mbele ya watu wazima wenzake. Walipomkodolea macho, alieleza kwa upole kwamba jiwe kavu halikuambii kitu. Likilowa ndipo utaona chembe zake na mishipa yake. Dereva akaisambaza habari hiyo kituo kizima, na jina likaganda.

Mawe hayo yalimfuata mpaka nyumbani. Mkewe, ambaye ni mkunga, aliwahi kutuambia sisi mashemeji zake kwamba mle ndani mawe ni mengi kuliko sahani, na sakafu ikipasuka tusije tukasingizia tetemeko.

Alianza kazi kwenye handaki la upepo, lile bomba kubwa ambamo mifano ya ndege hupulizwa ili kuona itakavyopaa. Mota zikisubiriwa kupata moto, wenzake walipiga soga. Yeye alisoma riwaya, mara nyingi kwa sauti ili na mafundi wasikie. Hapo ndipo kilipozaliwa kikao cha wasomaji cha Ijumaa, ambacho kipo hadi leo. Alikuwa mkali kwa waandishi. Alishikilia kwamba mwandishi akimpenda mhusika wake kupita kiasi, atamwokoa pasipostahili na hadithi itaharibika. Tulimbishia sana, hasa mhasibu wetu, anayetaka kila hadithi iishe kwa harusi.

Na treni je? Wengine wakienda likizo kupumzika, yeye alikwenda kushinda kwenye karakana za reli, akarudi na grisi kwenye nguo na furaha usoni. Tulimtania kwamba amekosea ajira. Chochote kinachobeba watu kilimhusu: mabehewa, vivuko, lifti, hata baiskeli ya mlinzi wa lango, ambayo aliitengenezea breki bila kuombwa.

Lakini kazi ya maisha yake ilikuwa moja. Alitaka kuunda ndege ndogo ya wagonjwa, yenye bawa la kuiwezesha kutua polepole kwenye uwanja mfupi wa udongo. Sababu alipewa na mkewe, aliyewapoteza akina mama wakisubiri gari. Kwa miaka kumi na minne alipima udongo wa viwanja vya mbali, akachora, akafuta, akavunja mifano na kuanza upya. Hatimaye ndege ikasimama bandani, nyeupe pe, siku ya kuirusha ikapangwa na wageni wakaalikwa. Vifaa vya kisasa vya ukaguzi vilionyesha kwamba kila kiungo ni kizima.

Siku moja kabla ya kuruka, aliingia bandani na mafuta ya taa, kitambaa na chaki. Ni mbinu ya zamani aliyoikuta kwenye karakana za reli, wanakoitumia kukagua ekseli. Alivipaka mafuta vile vyuma vinavyoshika bawa kwenye kiwiliwili cha ndege, akavifuta mpaka vikakauka, kisha akavipaka unga wa chaki. Alipoulizwa kulikoni, alijibu kwamba moyo wake haujatulia. Baada ya muda, kwenye chuma cha kushoto, mstari mwembamba wa mafuta ukajitokeza juu ya chaki. Chuma kilikuwa na ufa.

Mkurugenzi alimweleza bila kuficha kwamba tukiahirisha, wafadhili wataondoka, na kwamba mruko mmoja mfupi huenda usidhuru. Mlamba Mawe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akanigeukia mimi. "Ndugu yangu," aliniambia, "kesho hupandi." Akakataa kutia saini kibali. Wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Siku ile nilimwona mtu ambaye hakumchelea mwanawe, na bado akalia.

Wafadhili waliondoka kweli. Chuma kile kilipovutwa kwenye mashine, kilikatika kabla ya kufikia nusu ya mzigo ambao kingebeba angani, lakini fedha zilikuwa zimeshakwenda kwingine na mradi ukafungwa. Hakuna aliyeshangilia kwamba alikuwa sahihi, hata yeye mwenyewe. Alasiri mradi ulipofungwa, alikaa chini ya bawa lake, mgongo kwenye gurudumu, mpaka mkewe alipokuja akiwa bado amevaa sare yake ya kazi. "Twende nyumbani, baba watoto," alimwambia. Akainuka, wakaenda. Iliniuma kumwona vile, na inaniuma hadi leo.

Jumatatu alirudi kazini. Kwa miaka tisa tangu hapo amewafundisha watafiti wapya kila anachokijua, na wawili kati yao wameanza kulichora upya bawa lile. Hata hivyo tuseme ukweli: anastaafu bila kuiona ndege yake ikiruka, na hakuna mgonjwa iliyewahi kumbeba.

Asante, mzee wetu, kwa kila ulichokifanya na kwa kile ulichokataa kukifanya. Mungu akupe afya, uzee wa amani na safari ndefu za treni pamoja na shemeji. Siku ya sherehe, binti mdogo atapanda jukwaani kukukabidhi zawadi yetu. Huyo ni kitinda mimba wangu, aliyezaliwa mwaka uliofuata ile "kesho hupandi" yako, mikononi mwa mkeo. Nimemwambia akuite babu.