Dada Yetu Aliyetuomba Siku Kumi

Ndugu, jamaa na majirani, ratiba mliyoshika ina wasifu wa nusu ukurasa. Kamati ya mazishi iliupunguza, ikasema uliobaki hausomeki mbele ya jeneza. Mimi ni mdogo wa mwisho wa marehemu, na nitausoma wote.

Dada yetu alizaliwa tarehe 14 Machi 1961 katika nyumba za wafanyakazi wa reli, mtoto wa tatu kati ya watano wa fundi mitambo na mshona nguo. Alisoma shule ya msingi iliyokuwa ng'ambo ya reli, akamaliza sekondari mwaka 1979, kisha akasomea ukarani. Walimu wake waliandika kwamba alikuwa mtulivu. Hawakuwahi kumuudhi.

Mwaka 1982 aliajiriwa idara ya afya ya manispaa. Kila mwaka alipiga chapa tangazo la kuua mbwa wasio na mwenyewe, na alilipiga kwa miaka kumi na sita. Mwaka 1998 mbwa kumi na mmoja walifungiwa uani, chini ya dirisha lake, wakisubiri sumu. Dada alichukua fomu kumi na moja za usajili, akajaza jina lake kwenye kila moja, akagonga mhuri.

"Mama, wewe una mbwa kumi na mmoja?" mkuu wake alimuuliza.

"Ninao tangu saa nne asubuhi hii."

Aliacha kazi mwezi uliofuata, akarudi nyumbani na kundi lake.

Alikuwa ameolewa na seremala tarehe 7 Septemba 1985, wakajaliwa binti na mvulana. Mume mwingine angemfungia mlango. Huyu alisogeza mbao zake pembeni, akajenga mabanda. "Nilioa mke mmoja, nimeletewa wakwe kumi na mmoja," alikuwa akisema. Alipofariki mwaka 2014, wakwe walikuwa arobaini.

Kwa miaka ishirini na sita dada aliamka alfajiri akapika unga na mabaki ya buchani katika pipa lililokatwa nusu. Alifagia mabanda, akamwaga dawa, akatoa kupe mmoja mmoja kwa koleo. Mbwa mgeni alitengwa siku kumi na nne, akachanjwa, akahasiwa. Jioni alishika simu kutafuta watu wa kuwachukua. Na nyinyi majirani mlimwita Mama Mbwa, mkiziba pua. Lakini nani alikuwa akirusha magunia ya watoto wa mbwa juu ya ukuta wake? Wengine walivunjika miguu kwa kutua. Leo mmekuja na mashada, na baadhi ya mikono iliyoshika mashada hayo naijua.

Alikuwa na sharti moja. Aliyetaka mbwa alikuja siku saba mfululizo kufagia banda la mbwa huyo. Ukikosa moja, unaanza upya. Mkurugenzi wa kiwanda alifagia na viatu vyake vya kung'aa, akaondoka na kijibwa chenye jicho moja, na mpaka leo wanatembea pamoja. Watu walilalamika kwamba mama huyu ana maringo. Yeye aliwaelekeza ulipo ufagio, nyuma ya geti, akaendelea na kazi.

Mara moja tu alilegeza sharti. Mwaka 2009 alimpa mdogo wake mbwa bila kufagia hata siku moja, kwa kuwa ni ndugu. Mdogo huyo ni mimi. Nilimfunga kwa waya kwenye nguzo ya tangi, nikasafiri wiki mbili, nikamwachia mpangaji ambaye naye alisahau. Dada alipokuja, waya ulikuwa umezama kwenye nyama ya shingo. Hakunitukana. Nilitamani anitukane. Alimbeba, akamtibu miezi mitatu, kisha akaongeza maneno mawili kwa rangi nyekundu kwenye ubao wa sharti pale getini: "Ndugu pia."

Mwezi Januari mwaka huu madaktari waligundua uvimbe kwenye utumbo. Walisema unatolewa, na atapona. Alitakiwa kulazwa siku kumi. Alitupigia simu sote, akiomba mtu mmoja wa kuwapa mbwa chakula na maji siku hizo kumi. Kaka mkubwa alisema mbwa wanampandisha mafua. Dada mkubwa alikuwa na wageni. Mimi nilisema, "Ngoja niangalie ratiba yangu." Nadhani bado naiangalia.

Wanawe, muuguzi na dereva, wako nje ya nchi, na aliwaficha. Aliahirisha upasuaji tarehe 19 Februari, tarehe 11 Machi, na tarehe 8 Aprili. Alifariki Jumatatu tarehe 3 Juni, saa tatu na dakika ishirini asubuhi, kwenye benchi la mapokezi ya hospitali. Alikuwa amechelewa kwa sababu alifagia kwanza.

Msiseme amepangiwa. Nina hasira na kila anayesema hivyo, na nina hasira zaidi na mimi. Tumekaa hapa siku sita, watu zaidi ya mia. Kazini tumepewa ruhusa, wageni wamesubiri, mafua yamepona. Kumbe nafasi tulikuwa nayo.

Marehemu ameacha watoto wawili, wajukuu watatu, kaka, dada wawili, mimi, na mbwa kumi na saba. Manispaa imetupa hadi tarehe 30 Juni. Baada ya hapo litakuja gari la sumu, na tangazo limeshapigwa chapa na karani mwingine. Kati ya hao kumi na saba yumo mzee mwenye kovu shingoni. Tangu Jumanne nimefagia banda lake kila asubuhi. Leo ni siku yangu ya tano, na bado ananipa mgongo.

Wamebaki kumi na sita. Ufagio uko palepale, nyuma ya geti. Siku ni saba, ndugu pia.

Pumzika kwa amani, dada. Leo mabanda yamefagiwa.