Mama Vénantie Mukabera, Aliyekataa Kung'oa Uzi

Marehemu Vénantie Mukabera alizaliwa tarehe 14 Machi 1962 huko Masisi, Kongo, mtoto wa tatu wa Mzee Rutagengwa. Alisoma shule ya msingi hukohuko, kisha akafundishwa ushonaji na masista mjini Goma. Mwaka 1985 alifunga ndoa na marehemu Théoneste Gasana, wakajaliwa watoto wawili. Novemba 1994 walivuka mpaka kuingia Gisenyi, mume kabeba magodoro, yeye kajitwika cherehani kichwani, na hakukubali kupokewa mzigo huo.

Mwaka 2003 alifungua karakana ya ushonaji huko Rugerero. Wanawake kumi na mmoja walimshonea mifuko ya shule. Kila mmoja alikuwa na rangi yake ya uzi, akiipitisha mara tatu ndani ya mfuko, ili mshono ukifumuka ijulikane nani aurudie. Mwaka 2021 walijiunga na jukwaa la mtandaoni linalogawia karakana ndogo oda za viwanda. Jukwaa likataka picha ya mfuko. Vénantie akatuma picha ya mfuko na wanawake wote, wamechana nywele wakapendeza. Ikarudishwa: weka bidhaa peke yake.

"Bon, iyo mufuko ilijishona yenyewe?" akauliza.

Tulicheka, lakini kicheko hakikudumu. Februari 2024 jukwaa liliziita nyuzi zile kasoro, likafunga akaunti yetu. Vénantie hakumbembeleza mtu. Alipanda pikipiki shule hadi shule kutafuta oda mwenyewe, kutoka Nengo mpaka Bugeshi, akiwageuzia walimu mfuko ndani nje. Kazi ilipungua, tusidanganyane, lakini hakuna mshonaji aliyeondoka.

Mei 2025 figo zilimlemea. Akiwa amelazwa, ujumbe wa jukwaa ukaja: akaunti itafunguliwa, mradi nyuzi ziondoke. Binti yake Belise alimsomea mara mbili.

"Mutu mwenye alishona iko na jina," Mama akasema. "We andikia bale batu: uzi inabaki."

Belise akaandika hivyohivyo. Mama alifariki Alhamisi, tarehe 18 Septemba 2025, saa mbili asubuhi.

Ameacha watoto wake Shyaka na Belise, wajukuu wanne, washonaji kumi, na wa kumi na moja ni mpwa wake Umwali anayewasomea haya, mwenye uzi wa kijani. Nguo aliyovikwa leo tumeishona sisi. Ndani ya pindo zimo rangi zote. Anayeziita kasoro na aje azifumue.

Yeye apumzike kwa amani. Sisi Jumatatu tunafungua karakana.