Mama Ndoo na Jozi Tisini na Sita

Ndugu, jamaa, majirani na mafundi wote mlioacha kazi zenu leo, mimi ni kitindamimba wa marehemu, na familia imenituma nisimame mbele yenu niwasomee maisha ya mama yetu, ingawa kaka yangu mkubwa alitaka kusoma yeye, na karatasi aliyoiandika ilikuwa nusu ukurasa, ina tarehe zote ila mama mwenyewe hayumo, kwa hiyo tumekubaliana kwamba tarehe ni zake na maneno ni yangu. Mnajua kazi yangu ni kutangaza mpira redioni, ndiyo maana dada ameniomba nisome taratibu na nisipige kelele. Nitajitahidi, lakini nina habari njema kifuani na sijui kama nitaweza kuishikilia mpaka zamu yake ifike.

Mama alizaliwa Jumatano tarehe 9 Juni 1954, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya reli, akiwa mtoto wa nne kati ya saba, baba yake akiwa mshonaji wa viti vya mabehewa na mama yake mfuaji wa mashuka ya hospitali. Alisoma shule ya msingi kuanzia Januari 1962 hadi Novemba 1968, akawa wa kwanza katika hesabu na wa mwisho katika kuimba, jambo ambalo sisi tuliokaa naye jikoni hatuhitaji kuonyeshwa cheti. Alianza sekondari mwaka 1969, akaiacha mwaka 1971 baba yake alipoanza kupoteza uwezo wa kuona, kwa sababu viti vilikuwa vinamsubiri mtu wa kuvishona, na mtu huyo akawa yeye, na hapo ndipo mkono wake ulipozoea sindano ya ngozi.

Tarehe 2 Aprili 1973 aliajiriwa katika kiwanda cha buti za kupandia mlima, akianzia meza ya gundi, na baada ya miaka sita akapandishwa kuwa mkaguzi, akakabidhiwa muhuri mdogo wa shaba wenye namba 17, ambao kila jozi ilipigwa ndani ya ulimi wa buti kabla ya kutoka mlangoni. Kazi yake ilikuwa hivi, kati ya kila jozi ishirini na tano alichagua moja, akaizamisha katika ndoo ya maji kwa saa ishirini na nne, kisha akaibana kwa koleo na kuivuta soli kwa nguvu zake zote, soli ikishika anapiga muhuri, ikiachia mzigo wote unarudi mezani. Wenzake wakamwita Mama Ndoo, na jina hilo likamganda mpaka sisi wanawe tukawa tunaitwa watoto wa Ndoo shuleni, na tulipigana kwa ajili hiyo zaidi ya mara moja.

Alifunga ndoa Jumamosi tarehe 16 Agosti 1975 na baba yetu, dereva wa lori, aliyekuwa akija kiwandani kupakia mizigo, na baba alikuwa akitusimulia kwamba siku ya kwanza yule binti alimtazama viatu kwa muda mrefu sana, naye akajua tayari amependwa, kumbe alikuwa anakaguliwa, kwa sababu neno la kwanza mama alilomwambia ni, "Kaka, kisigino chako cha kulia kimelika upande, unatembea vibaya." Walijaliwa watoto watatu, kaka yangu mwaka 1977, ambaye ni karani wa posta na mwenye tarehe zake, dada yangu mwaka 1980, ambaye ni muuguzi, na mimi mwaka 1987. Baba alitutangulia tarehe 5 Machi 2009, akazikwa na viatu vyenye visigino vipya.

Sasa nafika mahali ambapo karatasi ya kaka ilisema tu kwamba mwaka 1997 mama aliacha kazi. Kaka, nisamehe, hakuacha.

Ijumaa tarehe 22 Novemba 1996 kulikuwa na mzigo wa jozi mia moja, nne za majaribio na tisini na sita za kuuzwa kwa wapagazi na waongozaji wa wageni mlimani, na siku hiyo mezani lilifunguliwa pipa jipya la gundi. Mama alizizamisha zile nne kama kawaida, lakini saa nane mchana jirani akapiga simu kiwandani kwamba mtoto wake wa mwisho ana homa kali na anaweweseka, na lori la mzigo lilikuwa mlangoni limewasha injini, basi akafanya jambo ambalo hakuwahi kulifanya katika miaka kumi na saba ya ukaguzi, akapiga muhuri kabla ndoo haijasema, jozi zote tisini na sita, akakimbia nyumbani. Homa ile ilikuwa yangu. Nilikuwa na miaka tisa, nakumbuka mkono wake kwenye paji la uso wangu ulivyokuwa unanuka gundi, na kwa miaka mingi sikujua mkono ule ulikuwa umetoka kufanya nini.

Jumatatu alipofika kazini alikuta soli zimelala kitakoni mwa ndoo na ngozi zinaelea juu, jozi zote nne, bila hata kuguswa na koleo. Alikwenda moja kwa moja kwa meneja, na meneja akamwambia, "Mama, mzigo umeshaondoka, na wewe ndiye uliyepiga muhuri, kwa hiyo tunyamaze wote." Mama hakunyamaza. Aliomba likizo, akampakia baba kwenye lori, nasema akampakia kwa sababu baba hakuulizwa, wakaenda mpaka lango la mlima, na mwanamke yule aliyefeli kuimba akasimama juu ya bodi ya lori akapaza sauti kwamba yeyote mwenye buti zenye namba 17 za mzigo ule wa Novemba azivue, asipande nazo hata hatua moja, na yeye mwenyewe atamshonea nyingine.

Tarehe 31 Januari 1997 kiwanda kilimfukuza kazi kwa kosa la kusema. Jumatatu iliyofuata akafungua karakana yake ndani ya banda la lori la baba, lori likahamia mvuani, na kila jozi iliyorudi ilijibiwa na jozi mpya ya mkono wake, ngozi nene, soli iliyogundishwa na kushonwa mara mbili kuzunguka, na yote ilikaa ndooni kabla ya kumwona mwenyewe. Watu walijaribu ujanja, wakaleta mabuti yaliyochoka ya wajomba zao wakidai ni ya mzigo ule, naye akafunua ulimi, akatafuta namba, akawarudishia bila kuinua uso.

Kwa mmoja alichelewa. Mwezi Machi 1997 kijana mmoja mpagazi alikuwa akishuka na mzigo wa kilo ishirini, soli ikabaki nyuma kwenye tope na mguu ukaendelea mbele, akavunjika kifundo. Mama alimfuata hospitali, akakaa kando ya kitanda chake siku tisa akimpikia na kumlisha, akamwambia ukweli wote kuhusu ule muhuri, na kijana akamwuliza, "Sasa mama, mimi mlima siuwezi tena, nitafanya nini?" Yuko pale safu ya mbele, tunamwita Kifundo, ni fundi mkuu wa karakana kwa mwaka wa ishirini na saba sasa, na hakuna mtu mwenye koleo lisilo na huruma kama lake.

Mpaka mwisho wa mwaka ule zilikuwa zimerudi jozi sitini na moja, mwaka 2001 zikafika themanini na nane, na mwaka 2008 zikafika tisini na tano. Na zile za mkono wake, jamani! Hapa kuna muongozaji aliyevaa buti zake tangu 1999, amebadilisha soli mara sita na kamba hajui ngapi, ngozi ni ile ile, amepanda nazo kileleni zaidi ya mara mia tatu, na leo kaja nazo msibani, zimepakwa mafuta, zinang'aa kuliko viatu vyangu. Mama alimfundisha kila mteja kukausha buti kivulini na kamwe si mbele ya moto, na mkwe wake wa kwanza alipokuja kujitambulisha, akaacha viatu juani barazani, posa ilikaribia kuvunjika.

Lakini jozi moja haikurudi, namba arobaini na saba, kubwa kuliko zote. Kwa miaka kumi na sita mama hakupishana na mtu mrefu njiani bila kumtazama miguu, alimsimamisha hata padri, alimsimamisha hata polisi wa barabarani, na kila ilipotangazwa ajali mlimani alizima redio kwanza, akakaa, kisha akaiwasha tena. Tulimwambia huenda zimetupwa. Alijibu, "Huenda ni neno la mtu ambaye hajapiga muhuri."

Mwezi Machi 2023 madaktari walikuta moyo wake umepanuka, na tarehe 28 Septemba mwaka huu wa 2024 alilazwa, wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, na kila nilipoingia hakuuliza habari za wajukuu, aliuliza, "Imepatikana?" Nami nikasema bado, mama, nikitoka nje nalia kwenye maegesho, kwa sababu nilijua anaondoka na jambo ambalo mimi ndiye niliyelisababisha.

Basi sikilizeni. Jumanne tarehe 15 Oktoba, saa nne asubuhi, waliingia wodini watu wawili wazima wamebeba katoni, mmoja mpishi wa shule kutoka mji mwingine na mwingine shemeji yake, mpagazi mwenye mguu wa arobaini na saba. Mwaka 1996 yule mpishi alikuwa akipikia wageni mlimani, akanunua jozi ile ampe zawadi shemeji yake, na kabla hajampa wakagombana kwa sababu ya viti vya harusi, nani akae mbele, akaapa kwamba buti zile shemeji hatazivaa kamwe, akaacha kazi ya mlimani, akazipandisha juu ya kabati, na zikakaa juu ya kabati miaka ishirini na minane! Walipatana mwezi uliopita, katoni ikashushwa, na shemeji, ambaye miaka yote ya upagazi wake amesikia habari ya muhuri wa Mama Ndoo, akafunua ulimi kabla ya kuingiza mguu, akaona kumi na saba, akaziweka chini.

Mama aliketi. Siku nne alikuwa haketi. Aligeuza soli juu, ilikuwa safi, haina hata mkwaruzo, akaishika kwa vidole viwili tu na ikatoka yote mkononi mwake, akaiinua wodi nzima ione, akasema, "Hakuna aliyekanyaga nazo." Halafu akasema tena kwa sauti ambayo hata mimi redioni sina, "Tisini na sita!" Dada yangu alipiga vigelegele, dada yangu muuguzi, ndani ya wodi, na wagonjwa wakamjibu, na mkuu wa wodi alipokuja kutufukuza akaishia kuuliza kilichotokea. Kisha mama akachukua kipande cha bendeji, akampima mgeni mguu, akampa Kifundo, aliyekuwa amesimama nasi kando ya kitanda, kile kipande na kumwambia asiharakishe.

Alifariki Alhamisi tarehe 17 Oktoba, saa tano na dakika ishirini asubuhi, akiwa amelala vizuri, sisi watatu tukiwa naye.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ile kwa uangalizi na kwa kutuvumilia, majirani waliotupikia na kulaza wageni wetu, wapagazi na waongozaji mlioshuka mlimani kuja kumbeba, na wenzake wa kiwandani mliokuja ingawa wakati ule mliambiwa msimsalimie. Mpishi na shemeji yake, ugomvi wenu tunaushukuru kuliko zawadi nyingi tulizowahi kupewa, na tunawaomba msigombane tena.

Mama, homa yangu iliisha siku ile ile. Pumzika sasa, zimerudi zote.