Nyuzi za Zafarani Kwenye Maziwa ya Mjukuu Wangu

Nyinyi vijana mtakaosoma haya, someni mpaka chini. Msiishie kwenye neno zafarani mkakimbilia sokoni. Haya niliyasema mbele ya akina mama wa kikundi chetu hapa Ngokolo, na kwa kuwa shule sikwenda sana, nayaandika kama nilivyoyasema.

Ndugu zangu, mjukuu wangu wa kike alikuwa hakai. Sisemi mtundu, watundu nimewalea. Huyu hata akitaka kutulia, mwili unakataa. Namtuma chumvi, anarudi na kifaranga cha jirani. Chumvi kasahau. Darasani anatoka dirishani kufuata mlio wa pikipiki. Kachapwa, kapigishwa magoti, wapi. Mwisho mwalimu wake akaniita, akaniambia taratibu, "Mayu, mama yangu, sisi tumeshindwa."

Baba yake, mwanangu, anachimba dhahabu Geita. Akapiga simu: kama shule imeshindikana, sikukuu ya Idd anakuja kumchukua akakae naye huko. Mimi huko nimefika. Maduara yako nyuma ya nyumba, yale mashimo marefu ya wachimbaji, mengine yameachwa wazi mpaka nyasi zimeota mdomoni. Mtoto asiyeangalia anapokanyaga, umpeleke huko?

Watu wakasema jini. Nikampeleka kwa ustadhi, akaandika kombe, yaani aya za dua, kwa zafarani kwenye sahani nyeupe, akaliosha kwa maji ya waridi, mtoto akanywa. Ustadhi ni mtu mkweli. Alimtazama sana, akasema, "Dua tumesoma, Bibi. Lakini jini silioni. Mfikishe na hospitali."

Mimi nikashikilia zafarani, maana siku ile nilimwona katulia. Muuza viungo mmoja akanihakikishia kwamba zafarani peke yake inatosha, hospitali nitapoteza muda. Nikanunua kwake. Kugusa maji tu, ikatoa wekundu kama wino. Baba yangu alikuja huku akitokea Tanga, zafarani naijua tangu mapishi ya nyumbani kwetu, ya kweli hutoa manjano polepole, haiko hivyo. Nikaimwaga. Nikaona kama hapa nachezewa, nitachezewa mpaka Idd ifike. Nikajifunga kanga, nikamshika mtoto mkono.

Daktari, binti mdogo tu, aliniuliza maswali mpaka nikachoka, akataka na maneno ya mwalimu. Kisha akaniambia mtoto ana shida ya umakini na kutotulia, ndivyo ubongo wake ulivyo, si jini wala si malezi yangu. Nawaambia, hilo la malezi lilinitua mzigo. Nikamuuliza waziwazi, na zafarani je? Hakunicheka. Akasema wapo walioijaribu kwa watoto wa namna hii wakaona inasaidia, ila majaribio bado ni machache, na haikai mahali pa matibabu. Kidogo, ile ya kutia kwenye chakula, hanikatazi. Nyingi inadhuru.

"Na chochote unachompa, Bibi, niambie. Usinifiche."

Basi akatufundisha namna ya kwenda naye. Mwalimu naye akamhamishia dawati la mbele, na akimwona ameanza kuchachawa anampa ubao afute. Mimi maziwa yake ya jioni natia nyuzi chache. Kipi kilichomsaidia? Sijui, na sitawadanganya.

Idd ilipofika, mwanangu akaja na begi la nguo za mtoto. Akamkuta anachambua mchele kwenye ungo. Akakaa pembeni, anamtazama. Mara mtoto akainuka kufukuza kuku. Nikasema moyoni, tumekwisha. Akarudi. Akachambua mpaka mchele ukaisha, akaniletea ungo mwenyewe. Mwanangu akaninong'oneza, "Mama, abaki." Nikaingia jikoni, nikasingizia moshi.

Namshukuru ustadhi aliyenambia kweli, na daktari, na mwalimu aliyekubali kuanza upya. Nawashukuru na nyinyi majirani ambao mtoto huyu aliwaingilia bila hodi na hamkumpiga. Mwenye wa kwake kama wangu asimfiche. Aende hospitali kwanza, na zafarani akipenda aitie kwenye maziwa, asiifanye daktari.

Na nyumbani kwangu nimetoa amri, wakubwa kwa wadogo wameisikia: mtoto huyu mtumeni kitu kimoja. Akirudi nacho, ndipo mmtume kingine.