Lita Tano za Mzee Ouma

Mheshimiwa mgeni wetu wa heshima, Pasta Wabwire, Mwenyekiti wetu Mzee Ouma na kamati nzima mliokalia viti vyenye mikono, huku sisi wengine tukibanana kwenye mabenchi, fundi Elvis, daktari wa turbo aliyejitawaza mwenyewe, vijana wa mitaa yetu ya Gatwekera na Laini Saba, niaje. Bwana asifiwe. Mimi ni Marion, binti ya marehemu Mama Akeyo. Mmeniita niseme neno fupi kwa niaba ya waliofiwa, tunapozindua injini mpya ya gari la chama, lile linalopeleka watu wetu nyumbani kuzikwa. Neno ni fupi. Hasira yangu ndiyo ndefu.

Kwanza pongezi. Nani kama Mzee Ouma? Tulikuwa na gari la dizeli, injini ya lita mbili na nusu, haina turbo, zee na la polepole, nalo lilitupelekea watu Siaya na Busia miaka nenda miaka rudi. Lakini Mwenyekiti aliona aibu. Magari ya matanga ya vyama vingine yalitupita pale mlimani Kinungi yakipiga honi, jeneza letu likila moshi wao. Je, mtu mzima mwenye cheo angevumilia hayo? Akamwita Elvis. Elvis akang'oa turbo, ile pampu ya kushindilia hewa kwenye injini, kutoka lori lililokufa, akaifunga kwetu, akakaza skrubu yake mpaka presha ikamridhisha. Na kabla gari halijaonja mlima hata mmoja, Mzee akaleta mchoraji, gari likaandikwa nyuma kwa rangi nyekundu: LITA TANO. Bado iko. Geukeni muione.

Tena msidhani hesabu ilikuwa ya uongo. Fundi Mutinda wa Kawangware, aliyeijenga upya injini hii, alinieleza nikiwa nimekalia tairi kuukuu kwenye gereji yake. Injini isiyo na turbo hupumua hewa hii hii ya Mungu, kwa presha hii hii inayotuzunguka hapa. Turbo ikiongeza juu yake presha nyingine kama hiyo, silinda zile zile huingiwa na hewa karibu mara mbili. Basi lita mbili na nusu zinakula hewa ya lita tano. Ukiongeza na dizeli ya kutosha, nguvu za farasi nazo hukaribia kuwa mara mbili. Hukaribia tu, kwa sababu hewa ukiibana hupata moto, na hewa ya moto haijazi silinda vizuri. Elvis alijua yote haya. Asubuhi ya safari ya kwenda kumzika mama aliniambia, "Siste, usijali, hii sasa ni lita tano, ni hesabu tu."

Hesabu tu! Kilichokuwa cha lita tano ni hewa, ndugu zangu. Pistoni zilibaki zile zile, gasketi ile ile, rejeta ile ile ya maji inayovuja. Mlipewa tumbo la ng'ombe kwa miguu ya mbuzi, mkapiga makofi. Na kadiri tulivyopanda, hewa ya nje ilizidi kuwa nyepesi, turbo ikazidi kuhangaika kutafuta presha ile ile na kutema moto ndani. Dereva alikuwa ameambiwa asilegeze mguu. Tulipita basi moja. Moja! Mzee Ouma akashangilia kwenye kiti cha mbele kama aliyefunga bao. Karibu na Mau Summit tukasikia kishindo, kukawa na moshi, kisha gari likanyamaza.

Katika jeneza, ndani ya gari hilo, alikuwa mama yangu, muuza dagaa wa omena wa Laini Saba mnayemjua wote. Watu wa kwao Ugunja walikuwa wamejipanga barabarani kumpokea. Yeye akalala kando ya lami, chini ya turubai la wauza viazi, na Mwenyekiti akisema kwenye simu, "Tuko karibu, tuko karibu." Mama yangu hakuwa na haraka. Kuna yeyote katika kamati aliyemuuliza kama ana haraka?

Ningenyamaza. Lakini leo nikipanga mabenchi haya nimemsikia Mzee Ouma akimwambia Elvis, "Si injini ni mpya? Kaza kidogo, kesho tuone." Kesho, wapendwa, gari hili linampeleka Mzee Obiero kwao Yala. Mutinda ameilegeza turbo hadi kiasi ambacho pistoni zinaweza kubeba, na nyinyi mnataka kuona. Kuona nini?

Mjane wa Mzee Obiero huyu hapa mbele, Mama Celine. Samahani dada, nyoosha mkono. Hii ni pistoni iliyotoka kwenye safari ya mama yangu. Tundu hilo linapitisha kidole. Ukishaiona, mpe Mwenyekiti. Ishike vizuri, Mzee, haichomi tena.

Elvis, naona spana kwenye mfuko wako wa nyuma. Simama. Hapana, usinieleze kitu. Wala usinipe mimi. Mpe Mama Celine, ndiye mwenye msafiri.

Asante. Akae nayo mpaka Yala.

Kesho mtapitwa, na watapiga honi. Wacheni wapite. Mzee Obiero atafika na kupokelewa na watu wake waliosimama kumngoja, na mimi kwa mama yangu sikuwa nimeomba zaidi ya hapo.

Mgeni wa heshima, Pasta, kamati, watu wa mabenchi, nawashukuru kwa kunipa masikio yenu. Mchoraji yuko mlangoni na kopo la rangi nyeupe. Nimemwita mimi.